Mlango wa Gari la Kikundi Usiposhika



Kikundi kikishapata gari, liwe la kubeba abiria kwenda mjini Kisii au la kupeleka ndizi soko la Daraja Mbili, kwanza watu hufikiria bima na mafuta. Mlango hukumbukwa siku umekataa kufunga. Somo letu la leo ni juu ya mlango ule wa kusukuma, ulio ubavu wa kushoto wa Hiace na Nissan. Huo ndio wanaoingilia watoto wa shule na wazee wanaokwenda hospitali, na ukiachia kwenye kona ya mteremko, aliyekaa kiti cha kukunja ndiye wa kwanza kuanguka nje.

Mlango unavyojifunga

Tuelewe kwanza kazi yake. Mlango umebebwa na magurudumu madogo sehemu tatu: juu na chini upande wa mbele, na katikati upande wa nyuma, yale yanayopita kwenye reli ya nje. Ukiuvuta mlango kufunga, reli inapinda mwishoni na kuuingiza mlango ndani ya fremu. Hapo kitasa kilicho kwenye ukingo wa nyuma wa mlango kinakutana na chuma cha umbo la U kilichofungwa kwenye nguzo ya gari. Ulimi wa kitasa unazunguka na kukikumbatia chuma hicho.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo hatari yote ilipo. Ulimi hushika kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni nusu: mlango unaonekana umefungwa, hata ukiuvuta kidogo hautoki, lakini umening'inia tu. Hatua ya pili ndiyo kufunga kwenyewe. Makanga akisikia "ka" moja anapiga bodi na kusema twende. Anatakiwa asikie mbili. Na asipoweza kusikia kwa sababu ya redio, aangalie ukingo wa nyuma: mlango uliofunga sawasawa unalingana na mwili wa gari, ule wa nusu umetokeza nje kama unene wa kidole.

Kupima kabla ya kufungua bolti

Watu wengi wanakimbilia kununua kitasa kingine cha mtumba. Mara nyingi kitasa hakina kosa. Kwa hivyo msinunue kitu kabla ya kupima hivi.

Egesheni gari mahali tambarare na mvute breki ya mkono. Najua kwetu huku milimani tambarare ni shida, lakini uwanja wa shule utatosha. Gari likiwa kwenye mwinamo, mlango huo mzito unateleza wenyewe na kuponda vidole.

Fungueni mlango wazi. Chukueni bisibisi, mzungushe ulimi wa kitasa polepole kana kwamba chuma cha U kinaingia. Mnapaswa kusikia mlio wa kwanza, halafu wa pili. Kisha vuteni mkono wa mlango: ulimi uruke urudi wazi mara moja. Ukifanya hivyo mara tano bila kusita, kitasa ni kizima. Msisahau kuuachia ulimi kabla ya kufunga mlango! Ukibaki umejifunga na mtu akabamiza mlango, utagonga chuma cha U na kuvunja kitu kilichokuwa kizima.

Ulimi ukiwa mzito, shida kwa kawaida ni grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi ikawa kama ugali. Osheni kitasa kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, kikauke, kisha mtie mafuta mepesi. Kama baada ya hapo bado haurudi, springi imechoka, na hapo ndipo mtafute kitasa kingine.

Kitasa kikiwa kizima, geukieni magurudumu. Sukumeni mlango hadi katikati ya safari yake, mtu mmoja aushike ukingo wa nyuma na kuuinua. Ukipanda na kushuka huku unagonga, gurudumu la katikati limelika au bolti za mkono wake zimelegea. Fanyeni vivyo hivyo upande wa mbele kwa gurudumu la chini. Tazameni pia chuma cha U: kama kimekwaruzwa sehemu moja tu, kwa juu au kwa chini, mlango hauingii katikati yake. Mara nyingi mlango umeshuka, na sababu yake tunaijua sote, ni watu kuning'inia juu yake.

Kurekebisha

Anzeni na usafi. Udongo wetu mwekundu ukishika kwenye reli wakati wa mvua na kukauka, ni kama matofali. Kwangueni, mpanguse kwa kitambaa. Magurudumu yapanguswe tu, yasilowekwe kwenye dizeli, kwa sababu dizeli inaondoa grisi ya ndani ya beringi. Grisi mpya ipakwe kidogo sana. Ikiwa nyingi inakusanya mchanga, na mchanga ndani ya grisi ni sawa na msasa.

Pili, kazeni au mbadilishe magurudumu, mwinue mlango mpaka ulingane na mwili wa gari. Hapo tu ndipo mguse chuma cha U. Mafundi wengine huanza na chuma hicho, wanakishusha kimfuate mlango ulioshuka. Mlango unafunga siku hiyo, lakini magurudumu yanaendelea kulika, na baada ya wiki chache mmerudi gereji.

Chora alama kuzunguka chuma cha U kwa msumari kabla ya kulegeza, ili muweze kurudi mlikoanzia. Legezeni bolti kiasi cha kusogea kikigongwa taratibu. Sogezeni milimita moja au mbili, kazeni, fungeni mlango, mpime. Kusogeza ndani kunabana mpira wa mlango zaidi. Ukizidi, mlango utataka kubamizwa kwa nguvu, na makanga akichoka atarudia ile nusu.

Kuna neno juu ya kufunga mlango kwa kamba au mpira wa tairi. Mizigo mitupu, labda mpaka gereji. Abiria, hapana, hata mmoja. Gari likipinduka hakuna atakayetoka. Tangu zile kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu ya namna hii ina abiria 14 na mikanda, lakini mkanda hautamtoa mtu kwenye mlango uliofungwa kamba.

Pia, mlango ukifunguka nje lakini ndani ukatae, angalieni kwanza kijiti kidogo kwenye ukingo wa mlango, kile cha kuzuia watoto wasifungue. Mara nyingi kimeshushwa bila mtu kujua.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Makanga wetu akiona mlango unashika nusu asubuhi, anamwambia nani, na je, anaogopa kukatwa pesa ya siku?

2. Nani ana mamlaka ya kusimamisha gari siku ya soko?

3. Chukueni bisibisi mkapime gari letu leo baada ya mkutano. Ulimi umelia mara ngapi?