Mashine Isiyo na Usukani: Somo la Kulainisha Sakafu ya Zege

Mashine ya kulainisha zege ambayo mwendeshaji huketi juu yake huokoa saa nyingi za kazi, lakini mkono mzito huweza kuharibu sakafu kwa dakika chache. Somo hili linaeleza jinsi mashine hiyo inavyoongozwa, wakati unaofaa kuipandisha juu ya zege, na dalili ambazo mkazi anaweza kuzitambua katika jengo la umma.

Mkazi akiingia katika soko jipya, ghala la nafaka au karakana ya chuo cha ufundi, macho yake huenda kwenye paa, kuta na milango. Sakafu huikanyaga tu. Hata hivyo, sakafu ndiyo inayobeba magunia, mikokoteni na miguu ya watu kila siku, na haiwezi kung'olewa na kubadilishwa kwa urahisi kama bati linalovuja. Sakafu ikianza kutoa vumbi, muuza nguo hupangusa bidhaa zake kila asubuhi na muuza mboga huosha zake mara mbili. Mara nyingi chanzo cha tatizo hilo ni saa chache za siku ile zege lilipomwagwa.

Katika chumba kidogo, fundi hulainisha sakafu kwa mwiko na ubao akiwa amepiga magoti, na njia hiyo bado inafaa. Katika sakafu kubwa, zege hushika kabla mikono haijafika mwisho. Hapo ndipo hutumika mashine ambayo watu wengi wa mjengo huiita pawafloti. Ipo ya aina mbili: ile ndogo ambayo fundi huishika mpini akitembea nyuma yake, na ile kubwa ambayo mwendeshaji huketi juu yake.

Jinsi inavyotembea

Mashine ya kuketi haina magurudumu ya kutembelea sakafuni wakati wa kazi, haina usukani wa duara, na haina breki kama za gari. Chini yake kuna seti mbili za miko ya chuma inayozunguka. Kila seti huitwa rota, na kwa kawaida huwa na miko minne au zaidi. Uzito wote wa mashine na wa mwendeshaji huikalia miko hiyo.

Rota hizo mbili huzunguka kwa mielekeo iliyo kinyume. Kama zingezunguka upande mmoja, mashine yote ingejaribu kujizungusha pamoja na mwendeshaji wake. Kwa kuwa zinapingana, nguvu zake hulingana na mashine hutulia mahali pamoja.

Ili mashine isogee, mwendeshaji huinamisha rota kidogo kwa kutumia leva. Rota ikiinama, upande mmoja wa miko hukandamiza sakafu kuliko upande mwingine. Upande uliokandamizwa hukamata zege zaidi, na mashine husukumwa kuelekea kinyume cha mwendo wa miko ya upande huo. Ni kama mtu aliye ndani ya mtumbwi anayevuta kafi kuelekea nyuma ili chombo kiende mbele. Mwendeshaji anayeelewa jambo hili hufahamu kwamba kila anapogusa leva anaongeza uzito mahali fulani kwenye zege ambalo bado ni changa.

Leva mbili, mikono miwili

Katika mashine nyingi za kawaida, mwendeshaji hushika leva mbili, moja kwa kila mkono. Miundo hutofautiana, hivyo kitabu cha mashine husomwa kwanza, lakini mpangilio unaotumika sana ni huu:

• Leva zote mbili zikisukumwa mbele, mashine huenda mbele.
• Zote mbili zikivutwa nyuma, mashine hurudi nyuma.
• Ya kushoto ikisukumwa mbele na ya kulia ikivutwa nyuma, mashine hugeuka kuelekea kulia. Zikibadilishwa, hugeuka kuelekea kushoto.
• Leva ya kulia ikisukumwa upande, mashine huteleza kuelekea upande huo bila kugeuka.
• Leva zikirudishwa katikati, mashine huacha kusukumwa.

Mguu hukanyaga pedali ya mafuta inayoongeza au kupunguza kasi ya miko. Kwa kuwa hakuna breki, kusimama hutokana na kurudisha leva katikati na kuachilia pedali mapema, kabla ya kufika kwenye ukuta au nguzo.

Kosa kubwa la anayejifunza ni kusukuma leva hadi mwisho kwa ghafla. Rota huinama sana, ncha za miko huchimba, na sakafu hubaki na mitaro ya mviringo. Mkono mzuri husukuma kidogo, hungoja mashine iitikie, kisha husahihisha.

Mashine ndogo ya kutembea nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Ikiwa miko yake huzunguka kwa mwelekeo wa saa, mpini ukiinuliwa kidogo mashine huenda kushoto, na ukikandamizwa huenda kulia. Anayejaribu kuisukuma kwa mabega kama toroli hujichosha bure.

Mwiko ulale au uinuke?

Mbali na leva, mwendeshaji ana kidhibiti cha kuinua pembe ya miko. Miko ikilala bapa, uzito husambaa kwenye eneo kubwa. Ikiinuliwa ukingo mmoja, uzito ule ule hukusanyika kwenye eneo dogo na kukandamiza kwa nguvu zaidi.

Kazi huanza kwa sinia pana za chuma zinazofungwa chini ya miko, au kwa miko iliyolala bapa, na kwa kasi ndogo. Hatua hii husawazisha mabonde na kuzamisha kokoto. Zege linavyozidi kushika, sinia hutolewa, pembe huinuliwa hatua kwa hatua na kasi huongezwa. Katika mashine ya rota mbili, pembe za pande zote mbili ziwe sawa. Zisipolingana, mashine huvuta upande mmoja, na mwendeshaji hushinda siku nzima akipigana nayo.

Pembe ikiinuliwa mapema mno, uso wa zege hufungwa wakati maji na hewa bado vinapanda kutoka chini. Vikikosa njia ya kutokea, hufanya malengelenge, na baadaye tabaka la juu hubanduka vipande vipande.

Kiatu ndicho kipimo

Saa ya mkononi haiwezi kueleza wakati wa kuanza, kwa sababu zege la Lodwar hushika haraka kuliko la Limuru, na siku ya upepo na jua huharakisha uso kuliko sehemu ya ndani. Mafundi hupima kwa kiatu. Mtu akisimama juu ya zege na unyayo ukazama takriban milimita 6, mashine ndogo inaweza kuanza. Kwa mashine ya kuketi, ambayo ni nzito zaidi, alama hiyo inafaa iwe takriban milimita 3 au pungufu.

Maji yanayong'aa juu ya zege yanapaswa kuondoka kwanza. Kunyunyiza simiti kavu ili kuyafyonza, au kuongeza maji ili uso ulainike, ni njia ya mkato inayodhoofisha tabaka la juu. Hapo ndipo vumbi la miaka ijayo linapoanzia.

Mashine ikishapanda juu ya zege, haifai kuzungusha miko mahali pamoja wala kuachwa imeegeshwa hapo. Hufuata mpangilio wa umwagaji, kwa kuwa sehemu iliyomwagwa kwanza ndiyo inayoshika kwanza. Kila mpito hufunika nusu ya ule uliotangulia, na mzunguko unaofuata hukata njia za mzunguko wa kwanza.

Chukua sakafu yenye upana wa mita 20 na urefu wa mita 30. Mashine inayofunika upana wa mita 2, ikipishana kwa nusu, itapita karibu mara 20. Huo ni mwendo wa takriban mita 600 kwa mzunguko mmoja tu, na mizunguko huwa kadhaa. Ndiyo sababu kosa dogo la mkono hujirudia hadi likawa kasoro ya sakafu nzima. Pembezoni mwa kuta, nguzo na mabomba, ambako mashine kubwa haifiki, fundi humalizia kwa mashine ndogo au kwa mwiko wa mkono.

Usalama kabla ya kuwasha

Mwendeshaji mpya hufanyia mazoezi kwenye sakafu kuukuu iliyokwisha kuwa ngumu na kumwagiwa maji. Hufanya mistari iliyonyooka na kugeuka hadi leva zizoeleke. Zege jipya si uwanja wa kujifunzia.

Swichi inayozima injini mwendeshaji anapoondoka kwenye kiti, au anapoachilia mpini wa mashine ndogo, haifai kufungwa kwa waya ili kazi iende haraka. Mpini wa mashine ndogo ukiponyoka huku injini ikiendelea, huzunguka na kupiga yeyote aliye karibu. Miko huguswa au kubadilishwa injini ikiwa imezimwa. Mafuta hujazwa nje ya sakafu, injini ikiwa imepoa. Ndani ya jengo lililozibwa, moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu na inayoua, hivyo milango na madirisha yawe wazi na hewa ipite. Zege bichi huchoma ngozi. Gambuti, glavu, miwani na kinga ya masikio ni sehemu ya kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi maelezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili wawe salama. Kijana anayekabidhiwa mashine asubuhi ile ile bila kufundishwa ana haki ya kuuliza. Mafundi waliojifunzia kazini wanaweza kupimwa ujuzi wao kupitia mitihani ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, huwaidhinisha wafanyakazi wenye ujuzi wa ujenzi.

Mkazi aangalie nini

Si lazima mtu awe mhandisi ili aitambue sakafu yenye kasoro. Mkazi anaweza kufanya haya:

1. Apitishe kiganja sakafuni baada ya kufagiwa. Vumbi jeupe likiendelea kutoka, uso ni dhaifu.
2. Agongegonge kwa sarafu au kijiti cha chuma. Mlio wa uvungu huashiria tabaka lililobanduka.
3. Atazame sakafu kwa mwanga wa pembeni, asubuhi au jioni. Mitaro ya mviringo na mawimbi huonekana wazi.
4. Amwage maji kidogo. Yakituama mahali palipokusudiwa kuyatoa, mteremko haukufuatwa.
5. Aulize kama sakafu ilitunzwa kwa unyevu kwa angalau siku 7 baada ya kumalizwa. Hata mkono mzuri kwenye leva hauokoi zege lililoachwa kukaukia juani.

Mikataba mingi ya ujenzi huweka kipindi ambacho mwanakandarasi hurekebisha kasoro kwa gharama yake. Kipindi hicho kikipita, gharama hurudi kwa mlipa kodi. Kwa hiyo mkazi akiona dalili hizi katika jengo la umma, anahimizwa kumjulisha msimamizi wa wadi mapema, akitaja jengo, sehemu na tarehe, pamoja na picha kama anayo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa Serikali, ikiwemo kujua kipindi hicho kinaisha lini.