Zohali na Pete Zake: Tazama Tena!

Ndugu msomaji, Mwislamu ameamriwa kuvitazama viumbe vya mbinguni na kuvitafakari, walakini hakuruhusiwa kuvisujudia wala kuviogopa. Katika sura ya Al-Mulk, yaani sura ya 67, aya ya 4 na ya 5 (kwa hesabu inayoifanya Bismillahi kuwa aya ya kwanza), Mwenyezi Mungu anamwita mwanadamu aangalie kama ataona kasoro yo yote katika uumbaji Wake. Kisha anamwamrisha alirudishe jicho lake tena na tena, mpaka jicho lenyewe lichoke bila ya kuona ufa.

Aya hizi ndizo alizozitaja Profesa Abdus Salam, Mwislamu wa Jumuiya ya Ahmadiyya kutoka Pakistan, katika karamu ya Tuzo ya Nobel huko Stockholm, Desemba 1979, alipotunukiwa tuzo ya fizikia pamoja na Wamarekani wawili. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, chombo cha Marekani kiitwacho Pioneer 11 kilikuwa cha kwanza kupita karibu na sayari ya Zohali. Katika somo hili tutaona jinsi jicho la mwanadamu lilivyorudishwa mara kwa mara kwenye sayari hiyo moja, na faida anayoipata mwenye kutafuta ukweli.

NYOTA ILIYOOGOPWA

Zohali huonekana kwa macho matupu, ikiwa na nuru ya manjano hafifu isiyometameta. Kwa kuwa huchukua miaka 29 na nusu hivi kulizunguka jua mara moja, wanajimu wa kale waliiona kuwa nzito na nzee. Wakaipa tabia ya baridi na ukavu, wakaiita nyota ya mkosi, na Jumamosi wakaifanya siku yake. Mafundisho hayo yalifika hata katika nchi zetu pamoja na vitabu vya falaki.

Je, itikadi hiyo imekufa? La! Mfanyabiashara wa Makambako, mahali zinapokutana njia za Iringa, Mbeya na Songea, akiona duka lake limekosa wateja, huenda akaambiwa kwamba nyota yake ni mbaya, atoe fedha isafishwe. Mkulima wa Njombe naye, akiamka mwezi wa Juni au Julai na kukuta majani ya viazi vyake yameunguzwa na sakitu, huenda akaambiwa maneno hayo hayo. Fedha ambayo ingalinunua mbegu huenda kwa mpiga ramli.

Hebu tulipime jambo hili kwa akili. Sakitu huanguka usiku usio na mawingu wala upepo. Mawingu ni kama blanketi. Yasipokuwapo, ardhi hupoteza joto lake upesi kuelekea angani. Hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka mabondeni, na mvuke uliomo hugeuka barafu juu ya majani. Ndiyo maana shamba la bondeni huungua, na la mteremkoni likapona. Sasa tazama: usiku huo huo usio na mawingu ndio usiku ambao nyota huonekana vizuri zaidi. Basi mtu huiona nyota inang'aa usiku, na asubuhi huona sakitu, akadhani kwamba nyota ndiyo iliyoileta. Kumbe yote mawili yametokana na sababu moja, nayo ni kukosekana kwa mawingu. Hivyo ndivyo ushirikina unavyozaliwa: mambo mawili yanafuatana, na mtu haangalii mara ya pili.

JICHO LILIVYORUDISHWA

Mwaka 1610 Galileo wa Italia aliielekezea Zohali darubini yake dogo, akadhani ameona nyota tatu zilizoshikana. Alipotazama tena mwaka 1612, zile mbili za ubavuni hazikuonekana, akastaajabu sana. Mwaka 1659 Huygens wa Uholanzi alieleza kwamba ni pete nyembamba isiyoigusa sayari, na kwamba ikitugeuzia ukingo wake haionekani. Jambo hilo lilitokea tena mwaka 2025. Mwaka 1859 Maxwell wa Uingereza alionyesha kwa hesabu kwamba pete hizo haziwezi kuwa kitu kigumu kimoja, bali ni vipande visivyo na idadi, kila kimoja kikizunguka katika njia yake.

Baada ya Pioneer 11 vikafuata Voyager 1 mwaka 1980 na Voyager 2 mwaka 1981. Kisha chombo Cassini, kilichotumwa na Marekani pamoja na nchi za Ulaya mwaka 1997, kilifika mwaka 2004, kikaizunguka Zohali kwa miaka 13 mpaka kilipoingizwa katika hewa yake na kuteketea tarehe 15 Septemba 2017. Kilileta picha zaidi ya 450,000. Zilithibitisha yale aliyoyahesabu Maxwell: pete zile, zenye upana wa kilomita zipatazo 270,000 kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sehemu kubwa zina unene wa kiasi cha mita kumi tu, na karibu zote ni barafu ya maji, tangu chembe ndogo kama vumbi hata mapande makubwa kama nyumba.

Tafakari, ewe msomaji! Nyota iliyodhaniwa kumletea mkulima sakitu imeonekana kuwa yenyewe imevikwa mshipi wa barafu, na haina uwezo wa kuondoa hata chembe moja katika njia iliyowekewa.

PICHA HIZI ZAAMINIKA?

Huenda mtu akauliza: "Nitajuaje kwamba picha hizi hazikuchorwa?" Swali hili si baya, kwani imani isiyo na hoja si imani iliyo imara. Kamera ya Cassini haikutumia filamu. Iliigawa taswira katika mistari 1,024, kila mstari ukiwa na nukta 1,024, ikapima nuru ya kila nukta, na kuituma hesabu hiyo kwa redio. Mawimbi yalisafiri kwa zaidi ya saa moja kabla ya kupokelewa duniani. Kila picha ilipigwa bila rangi, kupitia kichujio kimoja cha nuru. Picha za vichujio mbalimbali zikiunganishwa, rangi hupatikana. Tena pete zile zile huonekana kwa darubini za nchi nyingi, za watu wa dini mbalimbali wasiokula njama pamoja. Habari yenye mashahidi wengi wa njia mbalimbali hustahili kukubaliwa; nasi Waislamu twaijua kanuni hii katika elimu ya Hadithi.

MWEZI WA BARAFU

Kufikia mwaka 2025 miezi ya Zohali iliyotambuliwa ilifika 274. Mmoja wao, Enceladus, uligunduliwa na Herschel mwaka 1789. Upana wake ni kilomita 500 hivi, kama urefu wa barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Iringa. Wote umefunikwa na barafu nyeupe. Mwaka 2005 Cassini kiliona katika ncha yake ya kusini nyufa zinazorusha angani mvuke na chembe za barafu. Chini ya barafu ile imo bahari ya maji yenye chumvi.

Hapa baadhi ya ndugu hukimbilia sura ya Ash-Shura, aya ya 30, isemayo kwamba Mungu ametawanya viumbe hai mbinguni na ardhini, wakatangaza kwamba viumbe wa Enceladus wamekwisha patikana. Tusifanye hivyo! Aya ni ya kweli, nasi twaiamini. Lakini hadi sasa wataalamu wamepata maji, chumvi na viini vinavyohitajiwa na uhai, wala hawajapata kiumbe hai. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alifundisha kwamba Neno la Mungu na kazi ya Mungu havipingani. Basi Neno lililo kweli halihitaji kutetewa kwa habari isiyothibitika.

SWALI LA MTAFUTAJI

Wengine huuliza: "Nyinyi mnakataa unajimu, mbona mnakutaja kupatwa kwa mwezi na jua katika Ramadhani, tarehe 21 Machi na 6 Aprili 1894, kuwa ishara ya Imam Mahdi?" Jibu ni kwamba ishara si mtawala. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume Mtukufu s.a.w., jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba ule. Mtume s.a.w. akawakataza, akafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu, wala havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kuzaliwa kwake. Kupatwa kwa mwaka 1894 ni ishara kwa kuwa kulitabiriwa zamani katika Hadithi. Nguvu ya ishara imo katika elimu ya Yule aliyefunua habari kabla. Jua lenyewe halikumgawia mtu ye yote bahati wala mkosi.

MAFUNZO

Kwanza: Nabii Ibrahim a.s. aliwaonyesha watu wake kwamba kinachotua hakifai kuabudiwa. Zohali hutua kila siku, usiiogope.

Pili: sakitu ikiunguza shamba, muombe Mungu, kisha panda mteremkoni na uchague majira. Dua na juhudi ni ndugu wawili.

Tatu: usikubali wala usikatae jambo kwa kulitazama mara moja.

Tarehe 19 Julai 2013 Cassini, kikiwa nyuma ya Zohali, kiliielekeza kamera yake kwetu kutoka umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 1.4. Chini ya pete ilionekana nukta ndogo ya nuru ya samawati. Ndiyo dunia yetu yote, pamoja na bahari, milima, wafalme na maskini wake. Na Yule aliyeumba pete zile husikia dua ya mtu mmoja aliyesimama usiku katika baridi ya Njombe. Basi kwa nini umwendee mpiga ramli?

Mwenyezi Mungu atujalie macho yenye kuona na mioyo yenye kumcha Yeye peke Yake. Amin.