Kupima Risasi (Pb) katika Hewa ya Karakana

Tuchukulie kuna karakana ya betri za magari Lisekese, Masasi. Fundi anayeyusha risasi ya betri chakavu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327 hivi, na ikizidi kupashwa moto hutoa moshi wa chembe ndogo zisizo na harufu ya kumtahadharisha. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilidhuru kijiji kizima, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia. Hivyo pua haitoshi. Ni lazima tupime.

Fundi hufungwa pampu ndogo kiunoni, na chujio hubanwa kwenye kola yake. Kwa nini kola? Kwa sababu tunataka hewa anayoivuta yeye, siyo ya mlangoni. Maabara hupima tungamo la risasi kwenye chujio, kisha hutoa lile la chujio tupu ambalo halikupitishwa hewa. Watahiniwa wengi husahau kutoa.

Mfano. Pampu huvuta lita 2 kwa dakika. Chujio tupu lina mg 0.002.

Kuyeyusha, saa 5: chujio lina mg 0.050.
Ujazo = 2 × 300 = lita 600 = m³ 0.6
Ukolezi = (0.050 − 0.002) ÷ 0.6 = mg/m³ 0.08

Kuunganisha betri, saa 3: chujio lina mg 0.0056.
Ujazo = 2 × 180 = lita 360 = m³ 0.36
Ukolezi = (0.0056 − 0.002) ÷ 0.36 = mg/m³ 0.01

Hapa ndipo penye mtego. Ukijumlisha 0.08 na 0.01 ukagawa kwa 2, unapata 0.045. Kikomo cha Marekani kwa saa 8 ni 0.05, kwa hiyo utamwambia fundi yuko salama. Si kweli, maana saa zake hazilingani. Zidisha kila ukolezi kwa saa zake:

(0.08 × 5 + 0.01 × 3) ÷ 8 = 0.43 ÷ 8 ≈ mg/m³ 0.054

Kikomo kimepitwa.

Zoezi. Pampu ilianza na lita 2.0 kwa dakika, ikamaliza na 1.8, baada ya saa 4. Risasi, baada ya kutoa ya chujio tupu, ni mg 0.0228. Tafuta ukolezi. (Dokezo: tumia wastani wa kasi mbili. Jibu: mg/m³ 0.05)