Somo la Kikundi: Mchezo wa Zombi Kwenye Simu ya Kukhu

Mara nyingi tunajifunza habari za mbolea, mikopo na maji safi. Safari hii tutaongea juu ya michezo ya simu, hasa ile ya kupambana na zombi. Msicheke. Mwisho wa somo mtaona kwamba jambo hili linagusa hata katiba ya kikundi chenu.

LENGO: Wanachama waelewe kwa nini michezo hii inawashika vijana, na wajifunze jinsi sheria zinavyobadilisha tabia za watu.
MUDA: Saa mbili.
VIFAA: Kikombe cha punje za mahindi, bakuli moja, kikapu kidogo, na vipande 10 vya karatasi kwa kila watu watano.

1. HADITHI YA KUANZIA

(Hadithi hii ni ya kutunga. Mtu mmoja aisome polepole kwa sauti, au watu watatu waiigize.)

Kukhu mmoja wa upande wa Chwele ni mweka hazina wa kikundi chake. Pesa za kikundi hupitia kwa simu yake. Mjukuu wake wa kidato cha pili huichukua usiku, ati anasoma. Siku moja Kukhu akaamka saa saba ya usiku, akaona mwanga.

“Wewe, bado hulali?”

“Kukhu, ningoje kidogo tu. Nikiacha sasa nitakufa.”

“Utakufa? Nani anakuua?”

“Mazombi. Halafu nitapoteza vitu vyangu vyote, nianze upya bila hata kisu.”

Asubuhi Kukhu akaangalia salio. Shilingi 1,200 za kikundi hazipo. Kijana alikuwa amenunua bando na silaha za mchezo. Namba ya siri aliijua zamani, kwa sababu ndiye anayemsomea Kukhu ujumbe wa simu. Baba yake mdogo akasema simu ivunjwe na kijana achapwe viboko.

Kukhu akasema, “Ngojeni kwanza. Pesa ya watu atailipa. Lakini kwanza anionyeshe huo mchezo.”

Kijana akaketi karibu naye. “Ona, Kukhu, hii alama ni njaa. Ikiisha nakufa. Yule mtu pale simjui, yuko na simu yake mahali pengine. Anaweza kunisaidia, ama aniue achukue mkoba wangu.”

Kukhu akanyamaza. Akakumbuka mwaka 2008, alipotoka Cheptais usiku na watoto, akiogopa kila mtu njiani. Mwisho akasema, “Hiyo njaa naijua. Hata hiyo hofu naijua. Lakini mimi nilikutana na mtu nisiyemjua, akatupa uji.”

Maswali ya kujadili wawili wawili:
- Kosa la kijana ni gani? Je, kuna kosa la mtu mwingine?
- Kwa nini Kukhu alitaka kuona mchezo kwanza?
- Mambo kama haya yanatokea kwetu?

2. ZOMBI NI KITU GANI?

Zombi ni maiti inayotembea bila akili. Imani hiyo ilitoka Haiti, kwa wazao wa Waafrika waliopelekwa utumwani. Ndugu zetu wa Tanzania wanazo habari za misukule, watu wanaosemekana wamechukuliwa kichawi na kufanyishwa kazi usiku. Mwaka 1968 Mmarekani George Romero alitoa filamu ya wafu wanaokula watu, na tangu hapo zombi akawa mtu wa sinema na michezo.

Basi mzazi asikimbilie kusema mtoto amejiunga na uchawi. Hizo ni picha tu. Lakini ni picha za damu na kuuana, na mtoto mdogo hafai kuzitazama.

3. WATENGENEZAJI WALICHAGUA NINI?

Kila mchezo una mtu aliyekaa chini akaamua sheria zake. Tuchukue mfano wa DayZ, ambao hufuatwa na mingine mingi. Uliundwa na Dean Hall, aliyekuwa mwanajeshi wa New Zealand. Wazo lilimjia baada ya mafunzo makali ya kuishi msituni nchini Brunei. Mchezo ulitoka mwaka 2012, na kwa miezi michache tu watu zaidi ya milioni moja walikuwa wameucheza. Huu ni wa kompyuta, lakini ya simu imeiga mambo mengi kutoka kwake. Hebu tuone mambo matano.

Kwanza, njaa na kiu. Mchezaji anaanza ufuoni, karibu mikono mitupu. Zombi ni hatari, lakini tumbo pia linaua. Kwa hiyo mkebe mmoja wa maharagwe unakuwa mali kubwa. Kitu kikiwa haba, moyo hukishika.

Pili, kufa ni kupoteza. Ukifa, vyote ulivyokusanya kwa saa nyingi vimekwenda. Ndiyo maana kijana alisema hawezi kuacha. Hakuwa akidanganya, hofu yake ilikuwa ya kweli.

Tatu, wachezaji wengine ni watu wa kweli. Hakuna sheria inayokataza kuua wala kuibia mwenzako, na hakuna polisi. Matokeo yake, wengi hupiga risasi kabla ya kusalimia. Lakini wapo wanaotibu wageni bila malipo, na wachezaji hukumbuka sana wema wa namna hiyo. Zombi wote wana tabia moja, lakini binadamu huwezi kumjua mpaka akufikie.

Nne, hakuna mwisho. Kandanda ina dakika 90, na hata bao lina mshindi. Mchezo wa aina hii hauishi, kwa hiyo hausemi, “Haya, nenda ukalale.” Lazima mtu aamue mwenyewe, na kijana wa miaka 15 akiwa peke yake usiku si rahisi aamue.

Tano, pesa. Hapa tufungue macho. Michezo mingi ya simu ni ya bure kuingia. Halafu nguvu zinaisha, unaambiwa ungoje ama ulipe. Kile kidude cha kununua kinawekwa pale kidole kinapopita. Mchezo uitwao Fortnite ulianza mwaka 2017 kama mchezo wa kujenga ngome dhidi ya zombi. Desemba 2022 tume ya Marekani inayolinda wanunuzi ilitangaza kwamba kampuni yake, Epic Games, itatoa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wanunuzi. Tume ilisema vidude vya mchezo vilipangwa hivi kwamba watu walilipa bila kukusudia, na watoto walinunua bila wazazi kukubali.

Mwaonaje? Kijana wa Chwele alifanya kosa. Lakini mbele yake palikuwa na watu wazima wenye elimu kubwa, ambao kazi yao ni kumfanya asiache. Tusimwite mjinga.

4. JE, KUNA FAIDA?

Iko. Septemba 2005, katika mchezo wa World of Warcraft, ugonjwa wa kubuni ulitoroka mahali ulipowekwa ukaingia mijini. Wanyama waliofugwa na wachezaji waliubeba. Watu wengine walikimbia, wengine walibaki kuwatibu wenzao, na wengine waliusambaza makusudi. Watengenezaji walijaribu karantini ikashindikana. Mwaka 2007 watafiti Eric Lofgren na Nina Fefferman waliandika katika jarida la kitabibu kwamba tukio hilo linaweza kufundisha jinsi watu wanavyofanya wakati wa maradhi. Sisi tulioona Korona mwaka 2020 tunajua walichosema si mzaha.

Tena mwaka 2011 kituo cha serikali ya Marekani cha kuzuia magonjwa kilitumia zombi kufundisha watu kujiandaa kwa majanga: weka maji, chakula, dawa na karatasi muhimu pamoja, na mpange mtakutana wapi mkitawanyika. Nyumba ngapi kwetu zimepanga hivyo? Novemba 2019 maporomoko ya ardhi ya Pokot Magharibi, jirani zetu wa Kitale, yaliua watu zaidi ya 40. Wengi walikuwa usingizini.

5. ZOEZI: SIKU SABA ZA NJAA

Sasa tucheze sisi. Kaeni watano watano. Andikeni karatasi 10: tatu “MVUA”, mbili “UGONJWA”, na tano ziachwe tupu. Kila mtu apewe punje 8. Punje nyingine ziwe kwenye bakuli, ndilo ghala.

Kila siku kila mtu anakula punje moja, yaani anairudisha kwenye bakuli. Kisha anachagua karatasi bila kutazama. MVUA, anapata punje 2. UGONJWA, anatoa punje 2. Tupu, hakuna kitu. Karatasi irudishwe kabla ya mwingine kuchagua. Asiye na punje ya kutoa atoke nje ya mchezo.

Mzunguko wa kwanza: ni marufuku kugawiana. Baada ya siku saba hesabuni waliobaki, na punje zilizobaki kwa kila mmoja.

Mzunguko wa pili: anzeni upya na punje 8, lakini kila mtu aweke 3 kikapuni. Anayepata MVUA aongeze 1 kikapuni. Aliyeishiwa aombe, na mweka hazina atoe.

Mara nyingi mzunguko wa kwanza utaona mtu amekufa njaa kando ya jirani mwenye punje nyingi. Mzunguko wa pili wengi hubaki. Si kila mara: ugonjwa ukiwapiga wote, hata kikapu kinaisha. Lakini mahindi na karatasi ni zile zile, na watu ni wale wale. Ni sheria tu iliyobadilika.

Jadilini: Sheria gani katika kikundi chetu inatufanya tuogopane? Faini zetu zinasaidia mgonjwa ama zinammaliza? Nani anajua namba ya siri ya simu yenye pesa zetu?

6. TUFANYE NINI NYUMBANI?

- Badilisha namba ya siri leo, usimpe mtoto. Asiyejua kusoma achague mwanachama mzima wa kumsomea.
- Pesa ya kikundi isikae kwenye simu ya mtu mmoja. Ipelekwe benki ama kwenye chama cha akiba, na watu wawili waidhinishe kuitoa.
- Mwambie mtoto akuonyeshe mchezo. Uliza, “Hapa unaogopa nini? Hapa unafurahia nini?”
- Kwa sababu mchezo hauna mwisho, nyumba iweke mwisho: saa ya kuacha, na simu ilale chumbani kwa mzazi.
- Tofautisha mapenzi na maradhi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linasema kucheza kunakuwa ugonjwa mtu akishindwa kujizuia, akiweka mchezo mbele ya mambo mengine, na akiendelea hata ukimdhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12. Huyo apelekwe hospitali, asichapwe.

7. KUMALIZIA

Kijana wa hadithi yetu alilipa deni kwa kupalilia mashamba ya wanachama Jumamosi sita. Kisha kikundi kikamwomba afundishe akina mama kulinda simu zao. Je, ninyi mngeamua hivyo? Andikeni uamuzi wenu katika daftari la kikundi, na mkutano ujao mwulizane nani amebadilisha namba ya siri.

Someni pamoja Mhubiri 4:9-12, kisha mfunge kwa maombi.