Kitabu cha Bure na Kitabu Huria

Leo nataka tujifunze neno moja: huria.

Dada yangu anasomea biolojia chuo kikuu, Kilifi. Muhula wa kwanza alirudi Malindi na fotokopi ya kitabu, michoro yote imetoka kiza. Kununua chenyewe hatungeweza. Baba ni mvuvi, na kusi lilikuwa limechacha. Basi mkutubi mmoja akamwonyesha Biology 2e, kitabu kilichotolewa 2018 na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Hakulipa hata ndururu.

Nikamwambia, "Kwani hizi si zile PDF tunazotumiana kwa simu?" Akanicheka. Kumbe kitabu cha bure si lazima kiwe huria! Cha bure hukulipii, lakini pengine mwenyewe hajakuruhusu kukinakili. Kitabu huria kina ruhusa iliyoandikwa: kihifadhi, kigawe, na mara nyingi hata kibadilishe. Jina la vifaa hivi lilitolewa katika mkutano wa UNESCO, Paris, mwaka 2002. Mwaka huohuo zikatoka leseni za Creative Commons, na herufi zake ni hizi, zishikeni: BY, mtaje mwandishi, NC, usifanyie biashara, ND, usigeuze, SA, ukigeuza, toa kwa masharti yaleyale.

Hapo ndipo kazi ya mkutubi ilipo. Wengi wetu twadhani kazi yake ni kugonga muhuri na kunyamazisha watu. La! Mkutubi hutafuta vitabu hivi, hukagua herufi zake, hupakua mara moja na kuviweka kwenye kompyuta za maktaba ili mwanafunzi asimalize bando. Asiye na simu huchapishiwa sura anayoitaka.

Lakini mimi kilichonigusa zaidi ni ile ruhusa ya kugeuza. Kitabu cha dada kilitolewa kwa BY peke yake. Maana yake mhadhiri wa hapa aweza kuuondoa mti wa Marekani, akatia mchu wa Mida na mizizi yake inayochomoza matopeni kutafuta hewa. Mtoto wa Watamu ataelewa mara moja, maana ameikwaa kwa miguu yake!

Na si vitabu tu. Utafiti mwingi wa malaria umefanywa na KEMRI-Wellcome hapo Kilifi tangu 1989, kwa watoto wa huku kwetu. Tangu 2005 Wellcome hutaka makala za utafiti inaougharimia zisomwe bila malipo. Ni haki, jamani. Damu ikitoka Kilifi, habari yake isiuzwe kwa Kilifi.

Ila makala hizo ni za Kiingereza, na vitabu pia. Nimeanza kuitafsiri sura ya usanisinuru, jina la mwandishi nimeliweka juu kama BY inavyotaka. Nimefika ukurasa wa tatu, nimekwama penye "stroma". Mwenye neno aniletee bwenini.