Kumhudumia Mzee Asiyeweza Kuzuia Haja: Usafi na Staha

Katika kaya nyingi, dalili ya kwanza ni mzee kuacha kutoka. Haendi tena msibani, haketi barazani na wenzake, na akialikwa harusini husingizia miguu. Huenda ameanza kushindwa kuzuia mkojo, au haja kubwa, naye anaona haya kusema. Wahenga walinena: mficha uchi hazai. Tatizo hili likifichwa huleta vidonda na upweke. Likisemwa mapema, mara nyingi hupungua, na pengine huisha kabisa.

Chanzo chake

Uzee peke yake hautoshi kuwa maelezo. Kwa wanaume, tezi dume iliyokua huzuia kibofu kutoa mkojo wote, kisha mkojo ukadondoka matone kwa matone. Kwa wanawake, misuli ya nyonga iliyolegea kutokana na uzazi huachia mkojo wakati wa kukohoa, kucheka au kunyanyua ndoo. Kisukari, maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo na baadhi ya dawa za shinikizo la damu pia huchangia, ingawa dawa isiachwe bila ushauri wa mganga. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumfikisha mzee kwenye zahanati au kituo cha afya ili apimwe.

Asinyimwe maji

Wapo watunzaji wanaompunguzia mzee maji ili asilowanishe kitanda. Kufanya hivyo huzidisha tatizo. Mkojo uliokolea huwasha kibofu, choo huwa kigumu, na maambukizi hupata nafasi. Mzee anywe vikombe 6 hadi 8 kwa siku, isipokuwa daktari ameagiza vinginevyo kwa sababu ya moyo au figo. Sehemu kubwa inywewe mchana, chai na kahawa zipunguzwe, na katika muda wa saa mbili kabla ya kulala anywe kidogo tu.

Ratiba na njia ya chooni

Mzee akumbushwe kwenda chooni kila baada ya saa mbili au tatu, kabla hajabanwa. Kuandika kwa siku 3 nyakati anazokwenda na nyakati anazolowa huonyesha mpangilio wake, na kumbukumbu hiyo humsaidia mganga. Njia iwe na mwanga wala isiwe na vitu vya kumkwaza, na chooni pawe na mti wa kushikilia. Choo kikiwa mbali, seremala anaweza kutoboa kiti imara, na ndoo ikawekwa chini yake. Mavazi yawe ya kufunguka upesi.

Mzee mwenye nguvu abane misuli kama anayezuia mkojo kwa sekunde 5, kisha aachie. Arudie mara 10, awamu 3 kwa siku. Nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana, hivyo subira inahitajika.

Ngozi

Kila anapolowa, asafishwe kwa maji na sabuni isiyo kali, mwanamke akifutwa kutoka mbele kwenda nyuma. Akaushwe bila kusuguliwa, kisha apakwe mafuta ya mgando kidogo. Familia isiyomudu nepi za watu wazima yaweza kukunja vipande vya kanga kuukuu, vikafuliwa vizuri na kuanikwa juani. Godoro lifunikwe kwa mpira chini ya shuka. Mzee asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili. Ngozi ya kiunoni, makalioni au visiginoni ikibadilika rangi au kuwa na joto, kidonda kimeanza kujijenga.

Staha

Mlango ufungwe, sehemu inayosafishwa pekee ndiyo ifunuliwe, na mzee aelezwe kila hatua kabla ya kuguswa. Aulizwe angependa kusaidiwa na nani, maana si kila mzazi aliye tayari kuvuliwa nguo na mwanawe au mkwewe. Neno "kikojozi" lisitamkwe, hata kwa utani wa wajukuu, wala habari za shuka zisifike kwa jirani. Anachoweza kukifanya mwenyewe, hata kujifuta tu, aachiwe. Watunzaji nao wapokezane, kwani mtu aliyechoka hukosa upole.

Pa kupata msaada

Mzee afikishwe hospitalini mara moja akishindwa kabisa kukojoa, akitoa damu kwenye mkojo, akipata homa, akichanganyikiwa ghafla, au akipoteza uwezo wa kuzuia haja pamoja na nguvu za miguu. Kwa mahitaji mengine, familia ianzie kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii au zahanati ya kijiji. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea; asiyejiweza afikishwe kwa mtendaji wa kijiji au Ofisa Ustawi wa Jamii, ili aelekezwe namna ya kupata matibabu.