SOMO LA BIOLOJIA: SAMAKI ANAMJUAJE MWENZAKE?

Mara nyingi tunajifunza biolojia kwa kukariri majina. Mtihani ukipita, majina nayo yanapotea. Leo tufuate ulizo moja tu: ndani ya maji, samaki jike anamjuaje dume wa aina yake? Ole Seehausen, mtaalamu mzaliwa wa Ujerumani, alichunguza jambo hilo katika Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, Tanzania, toka miaka ya 1990.

1. Samaki wawili
Kati ya mawe ya ziwa lile wanaishi samaki wadogo wa jamaa ya ngege. Dume wa aina moja ni wa bluu, jina lake la kitaalamu ni Pundamilia pundamilia. Dume wa aina nyingine ana mgongo mwekundu, anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Rais Julius Nyerere. Majike wa aina zote mbili wanafanana sana. Wa bluu anakaa karibu na uso wa maji, mwekundu anakaa chini zaidi. Wanaweza kuzaliana, na watoto wao wanazaa vilevile. Lakini pale maji ni safi, jike anachagua dume wa rangi ya kwao. Basi hawachanganyiki.

2. Kazi ya jicho
Nyuma ya jicho ziko selule zinazopokea mwanga. Ndani yake iko protini inayoitwa opsini. Mwanga ukiigusa, opsini inageuka umbo na kuamsha protini ya pili, nayo inaamsha nyingine, sawa watu wanaopashana habari toka nyumba mpaka nyumba. Mwishoni umeme wa selule unabadilika, na habari inafika kwenye ubongo: kuna rangi nyekundu pale!

Maagizo ya kutengeneza opsini yako katika jeni. Jeni ikibadilika kidogo, opsini nayo inapokea vizuri mwanga wa rangi nyingine. Mwaka 2008, Seehausen, Yohey Terai wa Japani, Hillary Mrosso wa Tanzania na wenzao walionyesha kwamba samaki wa bluu na mwekundu wana namna mbili za jeni hiyo. Katika maji yale mwanga wa bluu unapotea upesi, ule mwekundu unafika chini zaidi. Kila mmoja ana jicho linalofaa mahali pake.

3. Kongo na Nile
Sisi wa Bunia tunakaa karibu na mpaka wa maji. Mto Shari unaingia katika Ituri, na maji yake yanafika mto Kongo. Lakini tukishuka mlima mpaka Kasenyi, tunakuta Ziwa Albert, na maji yake yanakwenda Nile. Mwaka 2017, Joana Meier, Seehausen, Salome Mwaiko na wenzao walionyesha kwamba samaki hawa wa Ziwa Victoria walitokana na mchanganyiko wa jamaa mbili, moja ya upande wa Kongo na moja ya Nile ya juu, yapata miaka 150,000 iliyopita. Kila jamaa ilileta namna yake ya jeni ya opsini. Kwa urithi huo zikatokea aina nyingi, mamia kwa mamia.

4. Maji yakichafuka
Mwaka 1997, Seehausen na wenzake walieleza hatari moja. Maji yakiwa na tope ao uchafu mwingi, rangi hazionekani vizuri. Jike hawezi tena kuchagua. Bluu na mwekundu wanazaana, na baada ya vizazi aina mbili zinakuwa moja. Hakuna mvuvi aliyewamaliza, wala ugonjwa. Wamepotea bure, kwa sababu hawakuonana.

Basi tusiseme kwamba anayeharibu samaki ni mwenye nyavu peke yake. Anayelima mteremko bila kuzuia udongo, na anayetupa takataka mtoni, wao pia wanagusa uzazi wa samaki, hata kama hawajashika ndoano siku moja. Viumbe hivi Mungu ametupa tuvitunze, na kuvitunza kunaanza na maji.

Maulizo
1. Opsini inafanya kazi gani ndani ya selule?
2. Kwa nini samaki anayekaa chini anahitaji kuona vizuri mwanga mwekundu?
3. Baada ya mvua kubwa, angalia maji ya mto wa kwenu. Udongo ule umetoka shamba gani, na mwenye shamba afanye nini?